Daftari la shukrani: namna ya kuamua mambo ya biashara na ya nyumbani bila kuwasahau waliokubeba

Kila mwaka Oktoba inapokaribia na watu wanasubiri minada ya korosho ifunguliwe, hunijia dukani kwangu hapa Magomeni, Mtwara, watu wawili watatu wenye swali lilelile lililovaa nguo tofauti. Kijana wa bodaboda anauliza, "Mama, hela ya korosho ikiingia nianze na lipi?" Binti aliyefungua genge juzi anataka kujua kama ni lazima amuuzie kwa bei ya hasara shangazi yake aliyempa mtaji. Mwenzetu wa kikundi cha kuweka na kukopa anauliza atashukuruje ilhali madeni yamemfika shingoni. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, sasa naandika.

Jibu langu kwa wote ni moja. Andika nani amekubeba, na kilimgharimu nini kukubeba. Ukishaandika, usifanye uamuzi mkubwa wowote bila kulifungua daftari hilo kwanza. Basi. Yanayofuata ni namna ya kulifanya jambo hilo, hatua kwa hatua, pamoja na makosa ambayo mimi na wenzangu tumeyafanya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja ndogo. Isiwe ile ya madeni ya duka. Ukichanganya, baada ya wiki mbili utakuta umeandika bei ya sukari juu ya jina la mama yako.
- Daftari lako la madeni, unayodai na unayodaiwa. Kama huna, kaa leo uliandike. Huwezi kuendelea bila hilo.
- Simu yako, kwa ajili ya ujumbe wa miamala. Rudi nyuma mwaka mzima ukiweza. Utamkuta mtu aliyekutumia 10,000 siku mtoto alipolazwa, nawe ulishamsahau kabisa.
- Saa moja na nusu ya utulivu. Mimi hukaa baada ya sala ya Alfajiri, kabla duka halijafunguliwa.
- Mtu mmoja wa kukusikiliza ambaye hana hela yake kwenye biashara yako. Mume au mke anafaa, ila mara nyingi rafiki wa zamani anafaa zaidi.

Huhitaji kuwa na faida. Wala huhitaji kuwa na furaha. Nimeona watu wakianza kazi hii wiki ileile waliyofunga genge.

Hatua ya 1: Andika waliokubeba, mmoja mmoja

Piga mistari upate safu tatu. Ya kwanza ni nani. Ya pili, alifanya nini. Ya tatu, kilimgharimu nini. Usiiache safu ya tatu hata ikikuchosha, kwa sababu ndiyo utakayoitumia hatua zote za mbele.

Haya ni matatu kutoka kwangu:

Mjomba. Aliniachia zao la msimu mmoja la mikorosho yake ya kijijini Kitangari niuze nipate mtaji. Mwaka ule aliahirisha kuezeka nyumba yake, na mvua za Januari zilimkuta na makuti yaleyale.

Mwenye duka la jumla. Nilipovunjiwa duka na kuibiwa, alinipa viroba vinane vya unga kwa mali kauli, yaani nichukue kwanza nilipe nikishauza. Hakuwa na karatasi yoyote ya kunibana. Ningeweza kuhama mji na angevipoteza vyote.

Jirani yangu muuza pweza wa kukaanga. Alinikalia dukani siku nne nilipokuwa nauguza mtoto pale hospitali ya Ligula. Kwa siku hizo nne meza yake haikuwaka moto, na kwa muuza pweza jioni moja bila moto ni jioni isiyo na hela ya asubuhi.

Ukimaliza walio hai na walio karibu, rudi nyuma zaidi. Wengi wetu huku kusini tunakula matunda ya miti ambayo hatukuipanda. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa wakayaacha mashamba mbali, bei ilikuwa haimpi mtu moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unakausha maua mtini. Mashamba yale hayakufufuka yenyewe. Kuna mzee alirudi na panga akafyeka kichaka kilichomeza mikorosho ya babake. Kuna watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele waliohangaika mpaka wakulima wakajua kupulizia salfa wakati wa maua. Kama ada yako ya shule ililipwa na korosho, watu hao wamo kwenye daftari lako hata kama majina yao huyajui. Andika "mzee aliyerudi shambani" ukishindwa jina.

Kosa la kwanza: kuandika "Namshukuru Mungu kwa uhai na afya," kisha kufunga daftari. Mshukuru, nami namshukuru. Lakini tulifundishwa madrasa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na mafundisho hayo yanataka majina ya watu.

Kosa la pili: kuandika wakubwa tu. Aliyekukopesha milioni umemkumbuka. Je, mteja anayelipa kila tarehe 28 bila kukumbushwa? Kibarua aliyekuletea simu uliyoisahau shambani? Binti yako aliyeacha kucheza ili akukalie dukani? Ukifika majina 15 umefanya kazi nzuri. Chini ya manane, rudi kwenye simu.

Hatua ya 2: Tenganisha deni na fadhila

Pita kwenye orodha na kila jina uliandikie D au F.

Deni lina kiasi, na mlikubaliana litarudi. Fadhila ni kitu mtu alichotoa bila kutaja malipo. Watu wengi huvichanganya, na mchanganyiko huo umeharibu urafiki mwingi kuliko wizi.

Nisikilize katika hili kwa sababu niliwahi kulikosea vibaya. Yule mwenye duka la jumla nilikuwa bado sijamshukuru, na yeye alikuwa bado ananidai shilingi 200,000 za vile viroba. Nikaja na doti ya kanga za mkewe na kilo kumi za mchele wa Kyela, nikazungumza maneno mazuri sana. Alipokea, akashukuru, kisha akaniuliza taratibu, "Na zile laki mbili, dada?" Nilikuwa nimetumia zaidi ya elfu sabini kumpa asichoniomba, nikabaki na deni alilolihitaji. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu: D hulipwa kabla ya F. Asante haipunguzi deni hata kwa shilingi.

Kama huwezi kulipa D zote, usijifiche. Nenda kwa kila mmoja, mpe sehemu, hata 5,000, na tarehe ya sehemu inayofuata. Usitaje tarehe inayotegemea bei ya mnada usioufahamu. Wanaokumbuka msimu wa 2018 wananielewa. Wakulima walikataa bei za wanunuzi, Serikali ikatangaza itazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na bado wako waliosubiri malipo miezi mingi huku wameshaahidi harusi, bati na pikipiki.

Kuna jina utakalokwama nalo, hujui ni D au F. Mara nyingi ni ndugu. "Chukua tu, tutajuana" ni maneno ya hatari. Nenda ukamuulize: "Mjomba, ile hela uliyonipa, nikurudishie au ilikuwa msaada?" Utaona aibu kwa dakika tano. Usipouliza, utaibeba aibu hiyo mpaka msibani.

Hatua ya 3: Toa sentensi moja kwenye safu ya tatu

Soma safu ya tatu peke yake, kwa sauti, kutoka juu mpaka chini. Kisha jiulize: watu hawa walipoacha vyao kwa ajili yangu, walitegemea nitakuwa mtu wa namna gani?

Jibu liandike kwa sentensi moja kwenye jalada la ndani. Yangu ni hii: *Duka langu lisimbane mtu katika miezi ambayo hana pengine pa kwenda.* Sikuitunga siku moja. Niliona tu kwamba mjomba na mwenye duka la jumla walinifanyia kitu kimoja: walinipata nikiwa sina pa kwenda na hawakuninyonya.

Fundi cherehani mmoja ninayemfahamu alifundishwa kushona bure na mama wa Kiyao. Sentensi yake: "Kwenye kibaraza changu hatakosekana mwanafunzi mmoja asiyelipa." Muuza samaki wa Feri anayetembeza kwa baiskeli aliandika: "Samaki aliyelala sitamuita wa leo." Fupi na imetosha.

Ipime sentensi yako kwa swali moja: ukiivunja, utajua? "Niwe mtu mwema" haifai, maana unaweza kuivunja asubuhi na jioni usijue. "Samaki aliyelala sitamuita wa leo" ukiivunja unajua palepale, mkono ukiwa bado kwenye kapu.

Hatua hii ni ngumu kwa watu wengi. Ikikukataa, iache wiki moja uendelee na ya nne, utairudia.

Hatua ya 4: Pitisha kila uamuzi mkubwa kwenye maswali manne

Uamuzi mkubwa kwangu ni ule unaogusa zaidi ya faida ya mwezi mmoja, au unaobadilisha ninavyoishi na mtu. Wewe weka kipimo chako. Maswali ni haya:

1. Uamuzi huu unamgusa nani katika daftari, na utamwacha katika hali gani?
2. Nitaweza kumwambia uso kwa uso, bila kuficha sehemu?
3. Nachagua hivi kwa sababu gani hasa: kwa kushukuru, kwa woga, au kwa kushindana na mtu?
4. Nisipoipata fedha ninayoitarajia, D zangu zitalipika?

Nikuonyeshe yanavyofanya kazi.

*Kangomba.* Mwaka fulani, mwezi wa tisa, alinijia mtu na begi la hela. Alitaka duka langu liwe kituo. Wakulima wangeleta korosho, wapewe unga, sukari na hela kidogo mkononi kwa bei ya chini sana kuliko ya mnada, mimi nichukue kamisheni. Kwa msiokulia huku, korosho ghafi huuzwa kupitia chama cha msingi, AMCOS: mkulima anapeleka mzigo, unapimwa, unaingia ghala kuu, unauzwa mnadani, naye analipwa baadaye. Utaratibu huo, uitwao stakabadhi ghalani, ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Kati ya kupeleka mzigo na kulipwa kuna siku za kusubiri, na kabla ya mavuno kuna miezi mfukoni pamekauka. Kangomba, yaani biashara kama ile ya mwenye begi, hupita hapohapo, tena hairuhusiwi kisheria.

Swali la kwanza lilinikamata mara moja. Ambao wangeleta korosho ndio waliojaa kwenye daftari langu, wateja wanaolipa tarehe 28. Swali la pili lilinimaliza. Nilijaribu kumuwazia mjomba amekaa kwenye mkeka, nami namwambia, "Leo nimenunua kangomba kwa mjane." Maneno hayakutoka hata kichwani. Nikakataa.

Sitakudanganya kwamba nilipata baraka ya ghafla. Msimu ule faida yangu ilikuwa ndogo, na jirani aliyekubali alinunua bati. Nilichofanya badala yake ni kuwakopesha unga wateja ninaowajua, kwa bei ileile ya siku zote, kila mmoja mwisho kiroba kimoja, walipe wakishalipwa. Wengi walilipa. Wawili bado nawadai.

*Kubadilisha muuzaji wa jumla.* Hapa ndipo watu hunipinga, na wana haki. Akaja muuzaji mpya anayeuza kiroba cha kilo 25 kwa bei nafuu, tofauti ya shilingi 1,500. Yule wa zamani ndiye aliyeniokoa. Je, shukrani inanitaka ninunue ghali maisha yangu yote? Hapana. Wateja wangu nao wamo kwenye daftari, na wao ndio wanaoilipa ile 1,500. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamwambia bei niliyopewa, nikamuuliza anaweza kufika wapi. Alipunguza 800. Tukakubaliana unga nichukue kwake, sukari na mafuta nichukue kule. Angesikia kwa watu kwamba nimehama, ningekuwa nimemtendea vibaya. Alisikia kwangu, na tumeendelea vizuri mpaka leo. Ukweli ni kwamba swali la pili pekee lingetosha kuniongoza.

*Ngoma ya mtoto.* Jando na unyago ni vyetu, sina neno baya juu yake. Swali la tatu ndilo la kujiuliza hapa. Waliomlea na kumfundisha mtoto wanastahili kushukuriwa, hilo lihesabie fedha bila kusita. Spika nne na siku ya tatu ya pilau kwa sababu nyumba ya pili walifanya hivyo, hilo ni kushindana. Tenganisha karatasi mbili za bajeti, moja ya shukrani na moja ya mashindano, utashangaa ya pili ilivyo ndefu.

Kuhusu nadharia nina jambo moja tu. Mwaka 2014 mwanasaikolojia David DeSteno na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo watu walichagua kati ya fedha ndogo sasa na fedha kubwa baadaye. Waliotangulia kukumbuka tukio la kuwafanya washukuru walikuwa na subira zaidi. Waliokumbuka tukio la furaha tu hawakupata subira hiyo. Kwa mtu anayevizia mnada huku begi la kangomba liko mlangoni, tofauti hiyo ni mlo wa watoto wa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Tenga fungu kabla hela haijaingia

Amua sasa, mfukoni pakiwa patupu, ni sehemu gani ya faida itakwenda kwenye F. Mimi hutenga sehemu moja kati ya ishirini. Ya faida, nasisitiza. Siku ukitoa kwenye mauzo unawapa watu hela ya mwenye duka la jumla, na hapo umetoka kwenye shukrani umeingia kwenye dhuluma. Zaka na sadaka ni hesabu nyingine, usizifute kwa hii.

Fungu likiisha, limeisha. Anayekuja baada ya hapo mwambie, "Mwaka huu nimefika mwisho, nimekuandika kwa mwakani." Wanaoanza ndio wanaoumia hapa zaidi. Nimeona kijana ameuza ufuta wake mwezi wa sita, akashukuru ukoo mzima kwa wiki mbili, na mwezi wa nane akawa anakopa hela ya kupulizia mikorosho kwa haohao aliowashukuru.

Hatua ya 6: Nenda ukashukuru

Nenda kwa miguu yako ikiwezekana. Nenda wakati huna shida, wala yeye hajui kama una kitu. Ukienda wakati wa msimu atadhani umetumwa na hela.

Sema vitu vitatu tu: alichofanya, kilichomgharimu, na kilichokuwa kwako kutokana nacho. "Mjomba, mwaka ule uliniachia korosho za Kitangari. Ukalala chini ya makuti yanayovuja. Duka nililonalo limetoka pale." Kisha nyamaza. Usiongeze ombi. Usiombe radhi kwa kuchelewa mpaka mazungumzo yageuke yakawa juu yako.

Nilipomwambia mjomba maneno hayo alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama watoto wanakula. Mwaka uliofuata nilimnunulia bati 20. Lakini nakuambia kweli, siku ya maneno ndiyo anayoisimulia.

Zawadi iwe inayoendana na maisha ya mtu. Mkulima umlipie palizi ya ekari moja. Mama lishe umpelekee gunia la mkaa. Jirani aliyekuletea ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye sahani, sahani isirudi tupu, weka japo embe mbili.

Vibarua na wafanyakazi wao shukrani yao ya kwanza ni kulipwa siku mliyokubaliana. Tumefundishwa ujira utoke kabla jasho halijakauka. Mama anayebangua korosho, mikono imebabuka kwa mafuta ya ganda, hahitaji hotuba yako. Mpe hela yake leo, na glovu.

Kwa mteja, nyongeza ya kipimo inatosha. Kiganja kimoja cha maharage juu ya kilo. Ila kilo yenyewe iwe kilo kwanza.

Hatua ya 7: Fungua daftari kila mwisho wa mwezi

Nusu saa. Ongeza majina mapya, futa D zilizokwisha, soma sentensi yako. Mwisho wa msimu kaa na yule mtu wako wa kukusikiliza, umsomee maamuzi matatu makubwa ya mwaka. Mwache akuulize. Usijitetee mpaka amalize.

Ukikwama

*"Sioni cha kushukuru, mwaka umenipiga."* Usijilazimishe kuona uzuri kwenye msiba, wala usimshukuru mtu kwa kukuumiza. Andika jina moja tu la mtu aliyekuwa nawe siku mbaya kuliko zote. Akikosekana, andika aliyekufundisha kusoma. Funga daftari, rudi wiki ijayo.

*"Nikishukuru nitaridhika, nitaacha kutafuta."* Swali hili huja kila mwaka, hasa kwa vijana. Mtu anayejua mjomba alilala chini ya makuti kwa ajili yake hawezi kulala saa tatu asubuhi. Kama umeridhika ukalala, rudi hatua ya 1, safu ya tatu hujaijaza.

*"Aliyenisaidia ananifanya mtumwa."* Wapo. Alikupa laki moja miaka mitano iliyopita, na leo anachukua soda bila kulipa na kukusema mbele za watu. Kwanza angalia kama ni D. Kama ni D, ilipe yote mbele ya shahidi hata kwa kuuza kitu. Kama ni F, mshukuru mara moja vizuri, kama ilivyo kwenye hatua ya 6, kisha mwambie bei ya soda. Fadhila haina marejesho yasiyo na mwisho. Akikasirika, muache akasirike, na usimseme vibaya kwa watu. Yule binti wa genge na shangazi yake walifika hapa. Walikubaliana shangazi apate kilo moja ya nyanya bure kila Ijumaa, nyingine anunue kama wengine. Shangazi alinuna wiki mbili, kisha akaanza kumletea wateja.

*"Ndugu wakiona nashukuru wanadhani nina hela."* Shukuru kimya. Usitangaze kwenye kundi la familia, wala usitume picha ya bati.

*"Mwenzangu wa ndani hataki."* Usimlazimishe. Mwonyeshe ukurasa ulipoandika jina lake na safu yake ya tatu. Wengi hawajui kama tumeona walichoacha.

*"Nimevunja sentensi yangu."* Nenda kwa aliyeumia, rudisha tofauti, andika tarehe. Muuza samaki wangu wa Feri alimrudishia mteja hela ya samaki mmoja aina ya changu, na bado anaendesha baiskeli yake.

*"Aliyenibeba amekufa."* Hili ndilo huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Kama alikuacha na deni, lipa kwa warithi wake, kwa kiasi kamili. Kama ni fadhila, angalia alichokufanyia, ukamfanyie hivyo mtu ambaye hana uhusiano na wewe. Bibi yangu aliyepanda mikorosho ya Kitangari hakuila miti ile hata misimu kumi. Kila mwaka mvua za Desemba zikishika, napanda miche mitano kwenye shamba la mtoto wa jirani aliyefiwa. Chukua miche bora iliyobebeshwa, inaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Chimba mashimo mapema kabla mvua hazijaanza, acha mita 12 kati ya mche na mche, na mwaka wa kwanza ulinde miguu yake na magugu na mbuzi.